Mkalimani wa Mama Chinami

Mama Chinami aliinama kitini mpaka nywele zake zikagusa ukingo wa meza, akasema kwa Kijapani, kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa nyumba ya watu: "Binti yangu ni mzito wa kichwa. Anawasumbua walimu bure. Hatuna haki ya kuomba lolote. Tunawaachia ninyi."

Kisha akabaki ameinama.

Bi. Kessler, mshauri wa wanafunzi, alinigeukia mimi. Alikuwa na macho ya kijivu yaliyochoka, bakuli la peremende mezani, na picha za mbwa wake ukutani. "Amesemaje, Tora?"

Chinami mwenyewe alikaa katikati yetu, mikono magotini, akitazama dirishani. Nje, mashine ya kuvunia ilikuwa inalila shamba la mahindi mstari kwa mstari. Alikuwa na miaka kumi na minne. Maneno ya mama yake alikuwa ameyaelewa, na yangu nayo angeyaelewa. Katika chumba kile, ukiniondoa mimi, ni yeye tu aliyesikia pande zote mbili.

Nilikohoa. Nilikuwa na ovaroli ya kazi, imelowa magotini kwa maji ya deki, na nilikalia ncha ya kiti nisije nikakichafua. "Amesema..." nikaanza.

Sikuwa mtu wa kukalishwa kwenye viti vya ofisi, kwa hiyo niseme nilivyofika pale.

Mimi ni mtoto wa maigizo. Baba na mama walikuwa waigizaji wa kuhamahama huko Kyushu, kusini mwa Japani, wa yale makundi yanayocheza mwezi mmoja katika ukumbi mmoja, kisha yanapakia mapazia na panga za mbao kwenye lori na kwenda mji mwingine. Nasi watoto tulihama shule kila mwezi. Ukifika hapa wanafundisha hesabu za sehemu. Ukienda kule ndiyo kwanza wanaanza sehemu. Ukifika kwingine wamezimaliza jana. Nimefundishwa kujumlisha nusu na theluthi mara nyingi kuliko mtu yeyote aliyezaliwa Japani. Desimali, mpaka leo tunapishana njiani tu.

Lakini kila nilikopelekwa nilikuta mambo yaleyale. Nilipewa kiti. Nilipewa zamu ya kupakua chakula, na zamu ya kufagia. Mtoto wa daktari alinitilia supu bakulini, nami nikasugua sakafu aliyokanyaga, na kesho yake tukabadilishana. Shule haikuwa na mfagizi. Mfagizi alikuwa sisi sote. Mtoto akikaa ndani ya hali ile miaka mingi, anaamini kwamba dunia nzima imepangwa hivyo.

Halafu unafikisha miaka kumi na mitano, na shule ileile iliyokupakulia supu inatoa kisu. Kila sekondari ya juu ina mtihani wake na cheo chake, na mji mzima unakijua cheo hicho. Mtu atakuona kituo cha treni, atatazama vifungo vya koti lako au kola ya sare yako, naye atajua utafanya kazi wapi na utaoa kwa nani. Hakuna atakayekutukana. Watajua tu, basi.

Kisu hicho nitakirudia.

Huku Ohio, Marekani, nilifika kwa njia ya jiko. Nilikuwa mpishi wa meli, nikashuka Baltimore nisirudi melini, nikaoa mwanamke mwenye kicheko kikubwa kutoka mji mdogo uitwao Harlan Mills, katikati ya mahindi. Alikufa mapema, nikabaki na mji wake. Mgahawa niliokuwa napikia ulipofungwa, nilipata kazi ya usafi katika sekondari yao. Torakichi lilikuwa jina refu mno kwa vinywa vyao, wakalikata likawa Tora.

Mwanzoni niliisifu sana shule ile. Hakuna mtihani wa kuingia! Kila mtoto wa mji anapita mlango mmoja, korido moja, bendera moja, mwenye gari na asiye na viatu vizuri. Na kila ukuta una bango: Unaweza kuwa yeyote unayetaka. Nilijisemea, hawa wamekitupa kisu. Ilinichukua majira kadhaa kuona kwamba kipo. Kimefichwa tu ndani ya ratiba. Watoto wa nyumba zinazozunguka uwanja wa gofu walipanda ghorofani kusoma aljebra. Watoto wa zile nyumba za mabati zenye magurudumu, nyuma ya maghala ya nafaka, walibaki chini karibu na karakana, wakisoma kitu kinachoitwa hisabati ya kawaida. Aliyekosa aljebra mwaka wa kwanza hakuweza kusoma kinachofuata mwaka wa pili, wala kinachofuata hapo, na chuo kikuu kilikuwa mwisho wa ngazi hiyo. Hakuna aliyemwambia mtoto kwamba ameshindwa. Alipigwa begani na kuambiwa anaendelea vizuri sana.

Kisha Wajapani walifungua kiwanda cha vipuri vya magari nje ya mji, wakaja na familia zao. Wiki nzima watoto wao walisoma na Wamarekani. Jumamosi kampuni ilikodi jengo letu, na walimu wao wakafundisha mtaala wa nyumbani kuanzia asubuhi hadi jioni, ili siku ya kurudi Japani kisu kisiwakute wamelala. Mimi ndiye niliyekuwa na funguo.

Nikwambie, jengo moja lilikuwa shule mbili. Ijumaa mchana nilikusanya maganda ya peremende na makopo ya soda chini ya madawati. Jumamosi watoto walewale walivua viatu mlangoni, wakavaa ndara, na kabla ya kugusa kitu mwalimu alichora ubaoni kila dawati lilivyokaa, ili jioni walirudishe palepale. Masomo yakiisha walipiga magoti mstari mmoja na matambara, wakasukuma maji kutoka ukuta hadi ukuta kama mbio za ng'ombe. Jumatatu walimu wa Kimarekani waliniambia, "Tora, siku hizi umepatwa na nini? Sakafu inang'aa!" Nami nikawajibu kwamba ni sabuni mpya.

"Mjomba Tora," watoto walinitania, "Kijapani chako kina kutu! Nani anasema hivyo siku hizi? Babu zetu?"

"Babu zenu walikuwa na adabu," niliwajibu. "Inua ndoo hiyo."

Chinami hakunitania. Alikuwa wa kukaa dirishani akila tonge lake la wali, kitabu kimefunguliwa juu ya magoti. Baba yake, Uryu, alikuwa fundi wa mashine kiwandani, mtu wa maneno machache. Watoto wengine wengi wa Jumamosi walikuwa wa wakurugenzi na wahandisi. Mwalimu wao wa Jumamosi alisema waziwazi kwamba kwa hisabati binti huyu amewaacha wote nyuma, kisha akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba kwa hali ya familia yake huenda sekondari ya biashara, ya kuandaa makarani, ikamtosha.

Ilikuwa Septemba, mwaka ule ambao mfalme wetu mzee alilala kitandani Tokyo asiinuke tena. Kwa heshima yake wazazi walifuta michezo ya shule ya Jumamosi, nami nilikuwa nyuma ya ukumbi nikirudisha kamba za kuvutana stoo, Mama Chinami aliponifuata.

"Mjomba Tora, samahani sana kukusumbua kazini."

"Kazi gani? Kamba tu hizi."

Aliangalia nyuma yake kwanza. Alikuwa mwanamke mdogo, mwembamba, mwenye mikono ya mtu aliyewahi kufanya kazi ya kusimama. "Unajua Chinami wanamfundisha nini wiki nzima? Chenji. Ukinunua soda kwa noti ya dola, unarudishiwa ngapi. Chinami, wa kufundishwa chenji!"

"Labda wanataka aongeze Kiingereza kwanza."

"Chenji ina Kiingereza gani?"

Nilizungusha kamba mkononi.

"Mimi nilipokuwa na umri wake kwetu," akasema, "mwalimu alimwambia mama yangu, 'Huyu shule ya biashara itamfaa.' Mama akainama. Ikaisha hivyo. Sikujua hata kwamba palikuwa na swali." Aliokota ncha ya kamba akanipa. "Mkataba wa mume wangu ukiisha tutarudi, na mtihani wa kule hataufaulu, amekosa miaka mingi. Lakini akisoma aljebra huku, njia ya chuo kikuu ipo, huku au kule. Akibaki kwenye chenji, milango yote miwili imefungwa. Nimeomba kumwona yule mama mshauri. Njoo unitafsirie."

"Kampuni si ina mkalimani?"

"Mkalimani ni wa wake za wakurugenzi."

"Kiingereza changu mimi ni cha mabaharia, Mama Chinami."

"Hichohicho."

Basi ndivyo nilivyojikuta kwenye ncha ya kile kiti. Na Bi. Kessler, niseme haki yake, hakuwa mtu mbaya. Watoto wengi sana walikuwa mikononi mwake, na majina yao yote aliyajua. Alianza kwa kusema hisabati ya kawaida ni mahali salama kwa Chinami, asije akavunjika moyo. "Hapa tunataka kila mtoto awe na furaha," alisema. "Mama ana maoni gani? Yeye ndiye anayemjua binti yake kuliko mtu yeyote. Nitamsikiliza."

Nikatafsiri. Ndipo Mama Chinami akainama na kusema aliyoyasema.

Usidhani alikuwa amebadili nia. Alikuwa anaomba, tena kwa nguvu zake zote. Kwetu mzazi haombi kwa kumsifu mwanawe. Hilo ni sawa na kumvua nguo hadharani. Anamshusha mtoto, anajishusha mwenyewe, kisha anangoja. Na mwalimu, anayejua wajibu wake, anapunga mkono na kusema: La hasha, mama! Mtoto wako ana bidii, ana kichwa kizuri, tusimpoteze. Hapo mzazi anaruhusiwa kusema: Je, kama ni hivyo, labda mngemfikiria kidogo... Ni kama watu wawili kubeba meza. Mmoja anashusha upande wake ili mwingine ainue.

Bi. Kessler hakujua kwamba ameshikishwa upande wa meza. Alikuwa ananiangalia mimi, kalamu mkononi, tayari kusikiliza na kuamini.

Hapo ndipo kile kisu kiliponirudia.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, karibu kumi na mitano, kundi letu likicheza katika mji wa mabonde unaoitwa Hita. Mwalimu wa darasa aliita wazazi mmoja mmoja, kama kawaida: mwalimu, mzazi, mtoto, meza moja, kuamua mtoto ajaribu mtihani wa shule ipi. Mama alikuja kati ya onyesho la mchana na la jioni. Alikuwa akicheza nafasi za wanaume, mashujaa wenye panga, na hakuwahi kuitoa poda yote. Mstari mweupe ulibaki pembeni mwa nywele zake kama chumvi. Aliinama vizuri kuliko mama yeyote wa mji ule. Kuinama ilikuwa kazi yake. Akasema: "Mtoto huyu ni mjinga, hana analojua. Tunawaachia ninyi."

Tukangoja.

Mwalimu yule alikuwa kijana, mkweli. Alikuwa amenifahamu tangu mwanzo wa mwezi ule tu. Niliona macho yake yakizunguka mezani, yanatafuta kitu cha kushika. Alitaka kuinua upande wake. Naapa alitaka. Lakini hakunijua, na alikuwa hajazoea kusema uongo.

"Anafagia vizuri," akasema mwishowe.

Mama akashukuru, akainama tena, akawahi onyesho la jioni. Sikufanya mtihani wa shule yoyote. Sikumchukia yule mwalimu, wala simchukii leo. Nimefagia vizuri tangu siku ile, baharini na nchi kavu. Lakini ukimya ule wa kabla hajasema neno, mtoto amekaa katikati ya watu wazima wawili na hakuna anayemwinua, huo ninaujua. Na pale ofisini kwa Bi. Kessler niliusikia unaanza.

"Tora?" akasema Bi. Kessler.

"Amesema," nikasema kwa Kiingereza changu cha mabaharia, "kwamba kwa hisabati binti yake hana mwenzake. Amesema mmemweka darasa ambalo si lake. Anataka aljebra. Na amesema haondoki kwenye kiti hiki mpaka ahamishwe."

Bi. Kessler aliinua nyusi, akamtazama yule mwanamke mdogo aliyelala juu ya meza. "Amesema yote hayo?"

"Kijapani ni kifupi."

"Anaonekana mpole sana."

"Akikasirika ndivyo anavyokuwa."

Mama Chinami alisikia sauti ya mshauri imepanda, akadhani amekosea adabu mahali, akainama zaidi. Bi. Kessler alirudisha kiti chake nyuma kidogo.

"Mwambie tafadhali sikukusudia kumuudhi."

"Anasema amefurahi kukutana nawe," nikamwambia Mama Chinami kwa Kijapani. Naye akainama mara nyingine, chini kuliko zote, na Bi. Kessler akashika bakuli lake la peremende kana kwamba litamwagika.

Karibu nicheke. Kisha nikamwona Chinami.

Alikuwa ameacha kuangalia dirishani. Alinitazama mimi, halafu mgongo wa mama yake, kisha mimi tena. Shingo ilimwiva mpaka masikioni. Sikuwa nimemfikiria yeye. Nilifikiria meza na upande uliokuwa unaanguka, sikufikiria kwamba mtoto anasikia mama yake akimwita mzito na mfagizi akimwita bingwa, kwa wakati mmoja, na kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza.

Bi. Kessler naye aliona kitu. "Chinami," akasema polepole, "ni kweli mama yako amesema hivyo?"

Ilitosha aseme ndiyo. Nilimwomba kwa macho aseme ndiyo.

"Hapana," akasema.

Mama Chinami, aliyekuwa haelewi neno, aliinua kichwa.

"Mama amesema mimi ni mzito wa kichwa," Chinami akaendelea. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, kila neno amelishika kwa vidole viwili kama yai. "Kwetu, mama mwenye adabu anasema hivyo. Mwalimu anasema hapana. Wewe hukusema hapana."

"Sikujua," akasema Bi. Kessler.

"Ndiyo. Hukujua. Mjomba Tora amesema uongo." Aligeuka akaniinamia kidogo, kuomba radhi kwa kunitaja. "Lakini aljebra ninaijua. Hili mama hakusema. Mjomba hakusema. Ninasema mimi."

Kule kwetu, nadhani, mtoto angeonekana kichaa. Bi. Kessler aliweka kalamu chini, akamtazama kama mtu aliyeingia nyumba aliyoipita kila siku. Kisha akainua simu, akaongea na mwalimu wa ghorofani. Kulikuwa na nafasi darasani, mtoto mmoja wa watu wa gofu alikuwa amehamia shule ya kulipia. Aingie Jumatatu, ajaribiwe hadi mwisho wa muhula; akishindwa, atarudi chini. Mambo yakaisha kabla chai haijapoa, kama tungekuwa na chai.

Nimezunguka sehemu nyingi na bado jambo lile hunishangaza. Kule kwetu hakuna simu ambayo ingeweza kufanya hivyo. Mtihani ni mtihani. Mtoto wa waziri na mtoto wa maigizo wanaona namba zao kwenye ubao uleule, au hawazioni. Kuna haki katika hilo, haki baridi. Huku mtu alifungua mdomo na mlango ukafunguka. Lakini lazima ujue kwamba pale ukutani kuna mlango. Mwenzangu mmoja, Rhonda, alipika katika jiko la shule, hatua chache kutoka ofisi ile, na kijana wake alikuwa kwenye darasa lilelile la chenji, mwepesi wa hesabu kama umeme. Wiki ile nilimwambia: nenda ukagonge kwa Kessler. Alicheka, akafuta mikono kwenye aproni.

"Acha hizo, Tora. Kwetu sisi hakuna watu wa hisabati."

"Nani kasema?"

"Mama yangu alisema, na mama yake alisema."

Nilingoja nione kama kuna mtu jikoni atakayesema la hasha. Mapipa ya maziwa yaligongana. Nikasema mimi, lakini neno la mfagizi kwake lilikuwa utani tu, akanirushia tambara la vyombo.

Nirudi koridoni, siku ileile. Mama Chinami alingoja mpaka binti yake ametangulia.

"Mjomba. Mimi nimesema maneno machache. Wewe umesema mengi. Umemwambia nini?"

Nilimwambia. Sikupunguza.

Rangi ilimpanda usoni, kisha ikashuka yote. "Umenifanya mwanamke wa kujisifia mtoto," akasema. "Kesho watajua wote."

"Amepata darasa, Mama Chinami."

"Najua amepata." Aliifunga vizuri shali shingoni ingawa hakukuwa na baridi. "Nimekaa pale kwa ajili ya mwanangu, na nilichokisema mimi hakikuwa na kazi yoyote."

Jumamosi iliyofuata aliniletea boksi la keki za maharagwe, amelishika kwa mikono miwili, kwa sababu adabu ya shukrani ilimlazimu. Hakunitazama. Baada ya hapo kwa wiki nyingi alinipita koridoni kama unavyopita nguzo.

Chinami hakurudi chini. Nilimwona akipanda ngazi kila asubuhi nyuma ya watoto wa gofu, peke yake, kitabu kifuani. Hawakumwonea wala hawakumkaribisha. Mwalimu wake alimwita ubaoni na yeye hakuweza kueleza kwa maneno, akaandika tu, chaki ikipiga kelele. Muhula ulipoisha alibaki. Baada ya hapo sijui. Mimi si mtu wa kukaa nikaona mwisho wa mambo. Majira ya kuchipua yaliyofuata nilirudisha funguo na kuchukua basi la kwenda magharibi, na mtu anayehama hapati habari za waliobaki. Siwezi kukuambia kama alikuwa profesa au karani.

Lakini kuna Jumamosi moja ya Desemba niliyoiona kwa macho yangu.

Theluji ilikuwa imeanguka. Akina mama walikuja kuchukua watoto, wakasimama mlangoni penye viatu, wakipigapiga miguu na kuambiana jinsi Ohio ilivyo baridi, kama walivyofanya kila wiki. Mimi nilikuwa naendesha mashine ya kung'arisha sakafu karibu nao. Mke wa mkurugenzi, Bi. Takanezawa, alikuwa mwanamke mrefu, mkarimu, aliyejua neno la kumwambia kila mtu. Alimgeukia Mama Chinami mbele ya wote.

"Kijana wangu ameniambia Chinami yuko darasa la juu la hisabati, na amemzidi hata yeye. Kweli una binti mwenye akili!"

Nilizima mashine. Nilijua kinachofuata, na kila mtu pale alikijua. La hasha, ni bahati tu, bado mjinga sana, kijana wako ndiye. Maneno yale hayahitaji kufikiriwa. Yanatoka yenyewe kama mtu anavyosema pole. Akina mama walikuwa wameshaanza kutabasamu kuyapokea.

Mama Chinami alifungua mdomo. Nikaona mabega yake yakianza kuinama, kisha yakasita, nusu njia.

"Ndiyo," akasema. Sauti ilikuwa ndogo mno. "Ana akili."

Mama mmoja alitazama viatu vyake. Bi. Takanezawa alibaki na tabasamu lake, halijui pa kwenda. Mama Chinami alisimama wima mbele yao, mikono imeshikana tumboni, mwekundu mpaka shingoni, hakuongeza neno na hakupunguza.

Chinami alikuwa ameketi kwenye ngazi nyuma yake, anavaa mabuti ya theluji. Alimaliza kufunga kamba. Akaangalia mgongo wa mama yake. Kisha akazifungua, kana kwamba hakutaka waondoke bado, akaanza kuzifunga upya, taratibu, kuanzia tundu la chini.